Mama analima Mohoro, mimi nategemea jokofu Mbagala: bwawa la Rufiji limemfaidisha nani?

Swali la msomaji: "Nauza samaki Mbagala, na majokofu ndiyo mtaji wangu. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme nimesahau mgao, hata jenereta nimeiuza. Lakini mama yangu analima Mohoro, Rufiji. Anasema mto umebadilika tabia: mwaka 2024 mafuriko yalimbebea shamba lote, na tangu hapo maji yanapanda na kushuka wakati asioutarajia, mlau, kile kilimo cha kufuata maji yanaporudi, umemshinda. Nikisoma, huyu anasema bwawa ni ukombozi, yule anasema ni balaa. Mtaalamu, tulipime vipi? Na haya mabwawa mengine yanayotajwa, tuyajenge?"

Jibu:

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nikujibu moja kwa moja kabla ya maelezo: wewe na mama yako wote mnasema kweli. Faida ya bwawa kubwa husafiri kwa nyaya hadi kwa watu ambao hawajawahi kuuona mto, na gharama yake hubaki mtoni. Ndiyo maana anayejumlisha na kutoa kana kwamba faida na hasara ni za mfuko mmoja hupata jibu linalopendeza kwenye ripoti na lisilomsaidia mtu wa Mohoro. Mimi ni mhandisi wa maji, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa mito ya bonde hili. Naamini bwawa hili lina manufaa makubwa ya kweli. Naamini vilevile kwamba sehemu kubwa ya anayoyalalamikia mama haikuletwa na zege lenyewe, imeletwa na jinsi maji yanavyofunguliwa na kufungwa, na hilo bado linarekebishika.

Tuanze na umeme, maana ndio uliofanya lijengwe. Korongo la Stiegler, pale Mto Rufiji unapobanwa na miamba kabla ya kutoka kwenye tambarare, lilikuwa likipigiwa hesabu tangu zamani. Mwaka 1975 serikali iliunda RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, wataalamu wa Norwe wakafanya upembuzi, kisha makabrasha yakakaa kabatini kwa miongo minne. Mkataba na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ulisainiwa Desemba 2018. Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi Julai 2019, Rais Samia akazindua ujazaji wa maji Desemba 22, 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi ya Taifa Februari 2024, na ndani ya mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa imekamilika. Kila mmoja una uwezo wa megawati 235, jumla megawati 2,115.

Ili uone uzito wa namba hiyo, kumbuka nchi nzima ilikuwa na mitambo ya takriban megawati 1,900 kabla yake. Mwaka 2023, mwezi wa kumi, upungufu ulifika karibu megawati 400, na wewe mwenye majokofu unajua hiyo ilimaanisha nini kwa samaki. Kabla ya hapo tulipitia ukame wa 2006, bwawa la Mtera likakauka hadi nchi ikakimbilia mitambo ya dharura, na mkataba mmojawapo, wa Richmond, ukaishia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Watu wanaosema bwawa ni ghali mara nyingi husahau kuweka kwenye mizani gharama ya kukaa gizani: viwanda vinavyosimama, dizeli inayonunuliwa kwa dola, chanjo zinazoharibika kwenye zahanati. Gharama hizo hazina jiwe la msingi, kwa hiyo hakuna anayezijumlisha.

Hata hivyo namba ya 2,115 inapotosha usipoielewa. Huo ni uwezo wa mitambo yote tisa ikizunguka kwa nguvu zote kwa pamoja. Mto hauna maji ya kuizungusha hivyo mwaka mzima. Makadirio ya serikali ni uniti bilioni 6.3 kwa mwaka. Zigawe kwa saa za mwaka, utapata wastani wa megawati 720 hivi, yaani theluthi moja tu ya uwezo. Hilo si kasoro. Mabwawa mengi yako hivyo, kwa kuwa kazi yake mojawapo ni kupanda haraka saa za jioni Dar inapowasha taa, feni na majiko, kisha kushuka usiku wa manane. Ila ukisikia mtu anasema tuna umeme mara mbili ya mahitaji na hatutahitaji kitu kingine tena, ujue anazungumzia uwezo wa mashine, hajazungumzia maji.

Na fedha? Ujenzi ulisainiwa kwa shilingi trilioni 6.5, zilizotoka hazina yetu bila mkopo wa Benki ya Dunia. Chukua hizo uniti bilioni 6.3 na uzithamini kwa shilingi 100 tu kila moja. Ni shilingi bilioni 630 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo ya juu juu ukuta unajilipa kwa miaka kumi na kitu, kabla hujatoa matengenezo na nyaya, na iwapo umeme wote unanunuliwa. Iwapo, nasema, kwa sababu Machi 2024, mtambo mmoja tu ulipokuwa umewashwa, TANESCO ililazimika kuzima vituo vitano vya umeme wa maji kwa kukosa pa kupeleka umeme. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro na Arusha hupotea mwingi njiani. Wengi walicheka. Mimi sikuona cha kucheka. Bwawa bila njia za msongo mkubwa na vituo vya kupoza umeme ni kazi iliyofika nusu, na hiyo nusu nyingine huwa haina sherehe za uzinduzi.

Sasa twende mtoni, kwa mama.

Wasomaji wengine hawajui mlau, kwa hiyo nieleze. Maji ya masika hupanda Machi na Aprili, yakatoka kwenye kingo na kutandaa bondeni. Yanapoanza kurudi, Mei na Juni, yanaacha udongo mweusi uliolowa kwa kina. Mkulima huyafuata yanavyorudi, mstari kwa mstari: anachimba kishimo, anatia punje tatu nne za mahindi, anafukia kwa mguu na kusogea mbele. Hakuna mvua inayosubiriwa tena. Mahindi, kunde na maboga hunywa unyevu uliobaki chini na kuvunwa katikati ya kiangazi, wakati jirani zao wa nchi kavu wanatazama mavumbi. Hakuna mbolea ya dukani, kwa kuwa tope ndilo mbolea. Mpunga nao hupandwa kwa mvua na kumalizwa na maji ya mto. Watu walijenga madungu, vibanda vya juu ya miti mirefu, wakalala humo kulinda mashamba dhidi ya nguruwe na ndege, maji yakipita chini yao. Mwaka 1968 serikali iliwahamisha kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu baada ya mafuriko makubwa. Walihama, lakini msimu ukifika walishuka tena kulima, kwa sababu ardhi ya juu haikuwa na kitu cha kulinganisha na bonde.

Nimerefusha hapa makusudi. Katika hesabu nyingi za mradi, mafuriko yameandikwa upande wa hasara, na bwawa likaandikiwa faida ya "kudhibiti mafuriko". Kwa Mrufiji kuna mafuriko ya aina mbili. Yapo ya kawaida, yanayokuja karibu kila mwaka na kuleta chakula, na yapo yale makubwa ya kila baada ya miaka kadhaa, kama ya 1974, yanayobeba nyumba. Bwawa kubwa lina nguvu zaidi dhidi ya yale ya kawaida, yaani yale mazuri. Hayo hulimeza kirahisi. Yale makubwa likiyakuta limejaa, hupitisha.

Ndicho kilichotokea Aprili 2024. Mvua za El Niño ziliujaza mto, bwawa lilikuwa limeshajaa, milango ya kumwaga maji ya ziada ikafunguliwa, na Rufiji na Kibiti zikawa ziwa. Wapo walioapa kwamba bwawa ndilo lililoleta maafa. Serikali ikajibu kuwa chanzo ni mvua na kwamba Rufiji imefurika tangu enzi na enzi. Kwa upande wa fizikia, ukuta hauzai maji: kilichotoka ni kile kilichoingia, na sehemu yake ilibaki ndani. Lakini jibu hilo haliishii hapo. Ukuta una milango, milango ina mwendeshaji, na mwendeshaji ana ratiba. Maji yaliyokuwa yakipanda polepole kwa siku kadhaa, huku wazee wakisoma rangi na povu lake, sasa yanategemea uamuzi wa chumba kimoja. Tangu siku ukuta ulipokamilika, onyo likawa deni. Mama yako ana haki ya kujua saa ngapi, kiasi gani, na maji yatafika Mohoro lini.

Kuna mvutano wa ndani hapa ambao nataka uuelewe, kwa sababu ndio moyo wa swali lako. Anayezalisha umeme anataka bwawa lijae, maana maji yakisimama juu zaidi kila tone hutoa nguvu zaidi. Anayezuia mafuriko anataka liwe na nafasi tupu masika yanapoingia. Huwezi kuwaridhisha wote kwa asilimia mia. Ghana walijifunza kwa machungu Septemba na Oktoba 2023, bwawa la Akosombo lilipojaa na kumwaga, maelfu ya watu wa Volta ya chini wakapoteza makazi, na bwawa hilo lilikuwa limekaa tangu 1965. Kwetu sisi jawabu ni kuweka kwa maandishi, na hadharani, kiwango ambacho maji hayaruhusiwi kukizidi kabla ya Machi. Tutapoteza uniti kadhaa miaka ambayo mvua itakuwa haba. Nakubali hasara hiyo bila kusita.

Turudi kwenye kupanda na kushuka. Mama anasema maji huja wakati asioutarajia, na nadhani najua anachokiona. Mtambo mmoja ukizunguka kwa nguvu zote hupitisha zaidi ya mita za ujazo 200 za maji kila sekunde. Ukiwasha mitatu jioni na kuzima miwili usiku, mto karibu na kijiji cha Mloka, chini ya ukuta, hupanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo. Maji yakishasafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Mohoro, mawimbi hayo ya kila siku huwa yamesawazika. Kinachobaki ni mabadiliko ya wiki na ya msimu, na hapo ndipo mlau unapoumia. Zamani Agosti mto ulishuka na ukabaki chini. Sasa mitambo inazunguka kiangazi chote, kwa hiyo mto unabaki juu kuliko asili yake, na zile kingo za chini, zenye udongo bora kuliko wote, zinabaki na maji au zinafunikwa tena mahindi yakiwa magotini. Wakati huohuo masika yasiyopanda vya kutosha hayafiki kwenye mashamba ya mbali na mto, wala hayajazi mabwawa asilia ya bondeni ambako kambare na perege huzaliana. Mkulima anabanwa pande zote mbili.

Maji mengi ya kiangazi yana faida yake pia, nisiifiche. Yanazuia chumvi ya bahari isipande sana deltani, na yanafanya umwagiliaji wa mwaka mzima uwezekane. Lakini umwagiliaji unataka pampu, mifereji na mtaji. Mlau ulitaka jembe na mbegu. Kumwambia mama wa umri wake kwamba amepoteza kimoja ili apate kingine, bila kumpa hiyo pampu, ni kumtwisha gharama na kumwonyesha faida kwa mbali.

Tope nalo halirudi. Udongo uliokuwa ukishuka kutoka mito ya Kilombero na Luwegu sasa unatua ndani ya bwawa. Maji yanayotoka kwenye mitambo ni meupe, na maji ya namna hiyo hula kingo na sakafu ya mto yanapotafuta mzigo wake. Misri waliona hivyo baada ya Bwawa Kuu la Aswan la 1970: mashamba yakaanza kutegemea mbolea ya viwandani na fukwe za delta ya Nile zikaanza kumegwa na bahari. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Boriti zake zilipakiwa majahazini hadi Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi. Mlilana, mchu na mkandaa vinasimama kwenye tope linaloletwa na mto, na kambamiti hukulia kwenye mizizi hiyo kabla ya kwenda baharini kuelekea Mafia. Madhara ya aina hii hayaonekani kwa mwaka mmoja wala mitano. Ndiyo sababu nataka upimaji wa tope na ufuo uanze sasa, wakati bado tuna kumbukumbu ya hali ya zamani ya kulinganisha.

Upande wa wanyama na msitu nitapita haraka, kwa kuwa umeandikwa sana. Hifadhi ya Selous, lilimo bwawa hili, iliwekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, na ikaingia orodha ya hatari mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili, kabla ya bwawa. Mwaka 2021 ilinusurika kufutwa kabisa kwenye Urithi wa Dunia, na mradi huu ulikuwa sababu kubwa ya shinikizo hilo. Eneo lililozama ni karibu kilomita za mraba 1,000, sehemu ndogo ya hifadhi iliyokuwa na takriban 50,000, ila ni sehemu ya mtoni, na wanyama hukaa mtoni. Kwa upande mwingine, hakuna kijiji kilichozama. Linganisha na bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ambako Watonga wapatao 57,000 walihamishwa, au Akosombo, watu 80,000, au Aswan, Wanubi na wenzao wapatao laki moja. Hii ni sifa kubwa ya korongo la Stiegler na ninaitaja kwa heshima. Tatizo ni kwamba wapangaji walipoona juu ya ukuta hakuna watu, walihisi suala la watu limekwisha. Waathirika wa bwawa hili wanaishi chini ya ukuta, na hakuna fomu ya fidia iliyobuniwa kwa mtu ambaye nyumba yake ipo palepale ila mto wake umebadilika.

Jambo moja ambalo wewe wa Mbagala unapaswa kuliangalia kwa makini kuliko mama ni hili: Mtera, Kidatu, Kihansi na Nyerere vyote vinakunywa bonde moja. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Ukame ukishika bonde lote, vituo vyote vinne vinadhoofika kwa pamoja. Bwawa la Nyerere lina nguvu ambayo Mtera haikuwa nayo: linahifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, karibu mara kumi ya Mtera, kwa hiyo mwaka mmoja mbaya linauvumilia. Miaka miwili mitatu mfululizo ni habari nyingine. Zimbabwe waliamriwa kusimamisha uzalishaji Kariba mwishoni mwa 2022 kwa sababu ziwa lote lile lilikaribia kuishiwa maji ya kutumika, na Zambia mwaka 2024 wakaishi na mgao wa saa nyingi kwa siku. Kwa hiyo yeyote atakayependekeza kuachana na mitambo ya gesi ya Ubungo, Kinyerezi na Mtwara kwa kuwa sasa tuna bwawa, mpingeni. Na Kilombero ikiendelea kukatwa misitu, kulishwa mifugo kupita kiasi na kuchimbwa mifereji ya mpunga bila vibali, tutakuwa tumejenga tangi kubwa na kuziba bomba lake. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 unakauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu ya mambo kama hayo kule Usangu, bonde la juu la mto huo.

Sasa nikueleze kwa nini nasema gharama ya mama inarekebishika. Kwa urefu wa maporomoko ya pale, kila mita ya ujazo inayopita kwenye mtambo hutoa takriban robo ya uniti. Tuseme tunatoa mita za ujazo bilioni moja zaidi kila Aprili, kwa siku chache mfululizo, kutengeneza mafuriko ya makusudi ili bonde lilowe na mabwawa ya samaki yajae, halafu tunashusha mto taratibu mwezi Mei ili watu wafuate maji kama zamani. Hata tukichukulia kwamba maji hayo yote yamepita nje ya mitambo, tumepoteza uniti milioni 250, kama asilimia 4 ya mwaka. Kwa ile bei ya shilingi 100, ni bilioni 25. Miaka ya mvua nyingi hatupotezi chochote, kwa sababu maji hayo yangemwagwa tu. Tofauti ni kuyamwaga kwa mpango. Kiasi kamili kinachofaa kinapaswa kupimwa uwandani, kwa kusimama na wakulima shambani na kuona maji yamefika wapi. Haya si mawazo ya ofisini. Kwenye Mto Senegal, bwawa la Manantali lililokamilika 1988 lilitumika kutoa mafuriko ya makusudi kwa ajili ya wakulima wa bondeni. Mitambo ya umeme ilipowekwa miaka ya 2000 mvutano ukaanza, maana kila mita ya ujazo ikawa na bei, na wakulima hawakuwa na mita ya kusoma upande wao. Wapokomo wa Mto Tana nchini Kenya wanaijua hadithi hiyo: tangu bwawa la Masinga la 1981 na mabwawa mengine ya mto ule, mafuriko yao yamekuwa ya kubahatisha.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka maji ya matumizi ya nyumbani kwanza, na ya mazingira ya mto baada yake, mbele ya viwanda na umeme. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, ndiyo yenye mamlaka ya vibali vya maji. Mama na wenzake wakienda kupitia jumuiya ya watumia maji au serikali ya kijiji, wasiende kulaumu bwawa kwa jumla, wataambiwa ni mradi wa Taifa na mazungumzo yataishia hapo. Waombe mambo matatu kwa maandishi: ratiba ya maji ya mwezi ibandikwe Utete, Ikwiriri na Mohoro na kusomwa redioni, king'ora au ujumbe wa simu kabla ya milango kufunguliwa, na tarehe ya kushusha mto baada ya masika, ambayo haitabadilishwa ila kwa dharura. Hilo la tatu peke yake lingeokoa mlau mwingi. Mimi ningeongeza la nne, ingawa linahitaji Bunge: shilingi moja kwa kila uniti ya bwawa hili iende Rufiji, Kibiti na Mafia. Wewe hutaihisi kwenye luku. Kwao ni zaidi ya shilingi bilioni 6 kwa mwaka, zinazotosha kuanza kununua zile pampu.

Umeuliza kama tujenge mengine. Sipingi mabwawa, na siamini kwamba nchi yenye watu wengi wanaopika kwa mkaa inaweza kuyakataa yote. Ninaangalia vitu viwili: liko bonde gani, na nani anaishi chini yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2014, uliopitia mabwawa makubwa 245 duniani, ulikuta kwa wastani gharama zilikaribia kuwa mara mbili ya makadirio, kwa hiyo bajeti yoyote utakayoonyeshwa isome ukiwa na hilo kichwani. Ruhudji ya Njombe, megawati 358, inavutia kwa ukubwa wake, lakini maji yake huingia Kilombero, yaani tunarudi bonde lilelile lenye mayai yetu yote, ningeichelewesha. Rumakali ya Makete, megawati 222, inamwaga Ziwa Nyasa. Kakono ipo Kagera, megawati 87.8, na Malagarasi Kigoma, megawati 49.5, karibu na watu waliokaa muda mrefu kwa jenereta za dizeli. Hizo tatu ziko mabonde tofauti, ni ndogo, na umeme wake hausafiri nusu ya nchi kumfikia mtumiaji. Ningeanza na hizo, na kabla ya kumwaga zege ningetaka ratiba ya maji ya walio chini ya ukuta iwe ndani ya mkataba, ukurasa mmoja na ile idadi ya megawati.